Gitaa la muziki wa metali: tazama daraja kwanza

Mhariri,

Anayesita kati ya gitaa la umeme lenye daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) lililokazwa na lenye Floyd Rose inayoelea, yaani daraja linalochezeshwa kwa mkono wake ili kupandisha na kushusha sauti, kama ni gitaa lake la kwanza la metali, achukue lililokazwa. Floyd Rose husawazishwa na springi za mgongoni: uzi mmoja ukikatika, nyuzi zilizobaki zote hupanda sauti. Kushusha nyuzi kutoka noti ya E hadi C ni kutuni, kugeuza skrubu za springi, kutuni tena, na jioni ndiyo hiyo imekwisha.

Vinasa sauti viwe vya koili mbili. Vya koili moja huvuma distoshoni (mkwaruzo wa sauti wa metali) ikizidi.

Pima pia urefu wa uzi, kutoka kijiti chenye mifereji ya nyuzi kwenye mwisho wa juu wa shingo hadi darajani. Inchi 25.5 huhimili C, 24.75 hulegea usipofunga seti ya nyuzi nene, mathalani 11–54 (unene wa uzi mwembamba na mnene zaidi, kwa elfu za inchi).

Fundi magitaa,
Nairobi