Barua kwa mwanangu: saa za tiketi na saa za safari

Nakuru, Mei

Mwanangu mpendwa,

Tiketi yako nimeiona, na kabla ya kitu kingine nimeketi na kalamu kuhesabu saa, kwa maana kosa nililolifanya Januari ile ulipoondoka sitaki kulirudia. Tiketi ile ilionyesha kwamba ndege ingeondoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa kumi na mbili asubuhi. Nilihesabu, nikapata saa saba, nikaamini utafika kabla hapa hapajapambazuka vizuri. Nilikaa na simu mkononi tangu alfajiri, uji ukapoa mezani, adhuhuri ikapita, na sauti yako nikaisikia saa nane mchana. Hofu ya siku ile sijaisahau.

Kaka yako ndiye aliyenifafanulia kwamba kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji wenyewe, na kwamba wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Saba na nane ni kumi na tano, na hizo ndizo ulizokaa angani. Hata ukipita njia iliyo fupi kuliko zote, inayokatiza Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuivuka Atlantiki, kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 11,800, yaani zaidi ya mara sabini ya mwendo wa kutoka hapa hadi Nairobi. Nashukuru kwamba tangu Oktoba 2018 ipo ndege ya moja kwa moja, kwani kukuwazia ukibadilisha ndege peke yako usiku katika nchi ya tatu kungenikosesha usingizi zaidi.

Sasa unarudi Juni, na hesabu imebadilika. Wamarekani husogeza saa zao mbele kila Machi nasi hatusogezi, hivyo tofauti imebaki saa saba. Utaondoka saa sita mchana na kutua saa tatu asubuhi ya kesho yake. Kwa macho ni saa ishirini na moja, lakini ukitoa saba zinabaki kumi na nne. Jirani yetu anasema safari ya kurudi ni fupi kwa sababu dunia huzunguka chini ya ndege. Sivyo, kwa kuwa hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Sababu ni upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao ulikupinga ulipokwenda na sasa utakusukuma kuja nyumbani.

Nitatoka hapa saa kumi alfajiri ili barabara isinicheleweshe. Ukishaketi ndani ya ndege, nitumie ujumbe. Kwangu itakuwa saa moja jioni, nami nitaanza kuhesabu kuanzia hapo.

Mama yako akupendaye