Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: tunaomba karatasi

Ndugu Afisa Elimu wa wilaya yetu,

Salamu kutoka Darasa la Nne. Najua utaratibu ni kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kisha Kata. Nimepitia sana. Nadhani barua zangu zimelala faili moja na ile ahadi yako ya boksi la zana za Hisabati, uliyoitoa kwenye semina tukakupigia makofi.

Kilichonifanya niandike hadharani ni ugeni wa wiki iliyopita. Wadhibiti ubora wa shule waliingia darasani nikifundisha sehemu zilizo sawa (kama 1/2 na 2/4), wakaandika kwamba mwalimu hakutumia zana. Sasa natakiwa kujieleza kwa maandishi. Haya, ndiyo maelezo yenyewe.

Zana niliyokuwa nayo ni chaki na ubao uliochimbika. Nilichora duara kwa mkono, maana bikari ya ubaoni hatuna, nikaligawa mara tatu. Nikachora jingine pembeni, nikaligawa mara sita. Nikauliza: 1/3 na 2/6, ipi kubwa? Mtoto wa dawati la mbele akasema 2/6, na kwa mchoro ule hakukosea. Jaribu wewe kugawa duara vipande vitatu vinavyolingana kwa mkono, mbele ya wanafunzi 90 na ushei (uwiano wa 1:45, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tunausikia tu), huku wageni wamekaa nyuma na kalamu zao.

Somo hili linataka karatasi. Kila mtoto apate kipande cha ukubwa uleule, kwa sababu ukubwa ukitofautiana hakuna cha kulinganisha. Akikunje katikati, apake rangi upande mmoja: 1/2. Akunje tena: 2/4. Tena: 4/8. Vipande vimeongezeka, rangi iko palepale. Hapo anajionea kwa nini kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) tunavizidisha kwa namba ileile, bila kukaririshwa. Asiyeona hilo huamini 4/8 inazidi 1/2 kwa kuwa 4 na 8 ni namba kubwa. Kesho utamkuta anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, yaani pungufu ya ile nusu aliyoanza nayo, wala hashtuki! Na ni mtoto huyohuyo ambaye ukimtuma dukani, anajua fika kuwa robo mbili za sukari ni nusu kilo.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wazazi hatuwachangishi, na mimi sitaki wachangishwe. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa utaratibu tulioelezwa, 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. 6,000/10,000 ni sawa na 3/5, nimekurahisishia. Hiyo 3/5 ndiyo inunue chaki, izibe bati linalovuja na igharamie mitihani. Nahisi boksi letu lilimezwa humo. Ushahidi sina, ila mitihani ya majaribio sijaona hata siku moja ikikosa karatasi.

Tunaambiwa tufarague, yaani tutengeneze zana kwa vitu vilivyopo. Nimefaragua, Ndugu Afisa. Nimekata maboksi ya sabuni ya mtaa mzima. Manila nanunua kwa mshahara wangu, na sasa nyumbani naulizwa kama shule ni yangu. Kishikwambi (tableti) kilichotumika kwenye sensa mlinipa, nashukuru, lakini hakikunjiki.

Kwa hiyo ninaomba karatasi. Sijaomba projekta, sijaomba semina nyingine. Boksi kama lipo, lije. Kama halipo, tuambiwe halipo. Lakini karatasi, hata rimu chache kwa kila mkondo, zifike kabla ya upimaji wa Darasa la Nne.

Na ile barua ya kujieleza, naomba hii ihesabike.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Nne