Laptopu yangu haikuwa imeungua, ilikuwa na kitu tunduni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na ukiona nimezidisha maneno we kata tu, ila pale pa hedifoni usipaguse maana ndo kiini cha barua yenyewe.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari hapa Morogoro. Laptopu yangu ni Dell Latitude E6420, mashine ya mwaka 2011, niliichukua mtumba Kariakoo, nzito kama tofali lakini haijawahi kunisumbua. Naitumia kuwasikilizisha wanafunzi rekodi za mashairi, maana huwezi kumfundisha mtoto utenzi kwa kuhesabu mizani ubaoni tu, lazima asikie ukighanwa. Sasa siku moja niko mbele ya Form Three nabonyeza, kimya, naongeza sauti mpaka mwisho, kimya. Darasa zima kicheko, na tangu siku hiyo laptopu inaitwa Bubu.

Nikaipeleka kwa fundi. Hakuuliza ilianza lini, hakuchomeka hata hedifoni kusikiliza, akasema hii tunapiga Windows upya, elfu ishirini. Nikamwambia kuna mafaili yangu humo, akasema usijali mwalimu. Jioni narudi, Windows mpya ipo, mitihani yangu ya miaka sita haipo, na sauti bado haipo, tena sasahivi kile kialama cha spika pale chini kulia kimepigwa alama nyekundu ambayo asubuhi haikuwepo. Akachomeka flashi yake yenye draiva za dunia nzima, zile programu ndogo za kuiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine, wapi. Mwisho akatoa hukumu, IC ya sauti, yani chipu yake, imeungua, niandae elfu themanini na tano, alafu akaongeza kwamba hata hivyo Windows 10 imeshafungwa kwahiyo bora nijikakamue ninunue nyingine, na kwa bahati anayo moja pale kabatini.

Nilishaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba. Mtoto wa dada yangu akaja likizo kutoka chuo, akaniambia mamdogo kabla hujatoa hela tuiulize laptopu yenyewe kwanza, Windows tuiweke pembeni. Akaandaa flashi ya Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, tukawasha huku tunabonyeza F12, tukachagua flashi, mashine ikawaka bila kugusa chochote kwenye diski. Hesabu yake ilikuwa hivi, sauti ikitoka hapo basi chuma, yani vifaa vyenyewe, ni kizima na tatizo liko kwenye Windows, isipotoka tuangalie chuma.

Haikutoka. Moyo ukanishuka, nikajua fundi alikuwa sahihi. Ila kijana akafungua mipangilio ya sauti, pale pameandikwa hedifoni imechomekwa. Hedifoni ipi? Hamna kitu! Akamulika tochi ya simu kwenye tundu na mle ndani kabisa kuna kitu kinang'aa rangi ya dhahabu, kumbe ni ncha ya pini ya hedifoni imekatikia ndani. Mle tunduni kuna kiswichi kidogo, pini ikiingia laptopu inajua kuna hedifoni kwahiyo inazima spika zake na kupeleka sauti huko. Yani Bubu siku zote alikuwa anaongea, ila anaongea na kipande cha pini.

Tulizima mashine tukatoa na betri, tukachukua mrija wa wino wa kalamu, tukaupasha ncha kidogo kwa kiberiti ukalainika, tukausukuma tunduni ukashika kile kipande, tukasubiri upoe tukavuta. Mara ya kwanza uliteleza, mara ya pili kikatoka. Tukawasha tena kwa ile flashi na mtu akaanza kughani sebuleni kwangu, nikajikuta napiga vigelegele.

Kwenye Windows bado ilikuwa kimya, na hapo ndo nikagundua fundi alichofanya. Chipu ya sauti ya hii Dell ni ya kampuni ya IDT, yeye kajaza draiva ya kampuni nyingine, Realtek. Kijana akaifuta hiyo draiva, tukawasha upya, Windows ikaweka ile ya jumla inayokuja nayo yenyewe na sauti ikarudi. Kwa wenye Linux ambao spika zao zimenyamaza, angalieni kwanza kama sauti haijaelekezwa HDMI, lile tundu la waya wa TV, alafu fungueni alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, ukiona MM chini ya mstari wowote wa sauti ujue umezibwa, bonyeza M unafunguka. Hiyo peke yake nimeambiwa imeshapeleka wengi kwa fundi bure.

Na hili la Windows 10 kufungwa mafundi wanalitumia kututisha. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa maboresho ya kawaida ya usalama, lakini mashine haizimiki, kinachokuja ni hatari ya virusi hasa ukiwa mtu wa intaneti na flashi za watu, na sisi walimu flashi za watu ndo maisha yetu. Windows 11 yenyewe inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, chipu ya usalama, yangu ni kizazi cha pili, kwahiyo kihalali haiingii, na wanaoilazimisha kwa njia za panya wanakuachia mashine ambayo Microsoft hawakuahidi maboresho. Mi nimehamia Mint moja kwa moja, ni bure, kwa RAM ya 4GB inaenda bila kugugumia, na toleo la 22 lina maboresho mpaka 2029. Siwadanganyi, fomu za matokeo zilizotengenezwa kwa Word zikifunguka kwenye LibreOffice, programu ya Mint inayofanya kazi ya Word, majedwali yanahama na hilo linaniudhi kila mwisho wa muhula, lakini siwezi kununua laptopu kwa ajili ya jedwali.

Mafundi ndugu zangu, mtu akija na laptopu isiyo na sauti mulika tundu kwanza, iwashe kwa flashi, na ukiona lazima upige Windows hamisha kwanza mafaili ya mwenzio. Elfu ishirini yenu tutawapa tu. Mitihani yangu ya miaka sita ndo nimeanza kuichapa upya, niko kidato cha pili.

Ile ncha ya pini nimeihifadhi kwenye kibiriti mezani kwangu, mwenye hedifoni yake pale Form Three aje aichukue, simchapi.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro