Vile vidonge nilivyokutumia usivimeze

Mwanangu,

Ugonile. Kikapu cha ndizi nilichompa dereva wa Coaster juzi naamini kimekufikia hapo Uyole. Chini ya ndizi kuna kifuko chenye vidonge vinane vyeupe. Usivimeze. Kama umeshaanza, usiongeze hata kimoja, nenda kliniki leo na kifuko chenyewe mkononi ukawaonyeshe. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu hapo kwenu simu mnaongelea kwenye spika, na haya ni mambo ya mkojo.

Ni siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, masalia yangu ya mwaka juzi. Uliponiambia mkojo unakuunguza na unatoka matone matone, huruma ilinishika nikafungua kopo. Jana nikamsimulia muuguzi mmoja ninayesali naye, akanitazama kama mtu aliyemtumia binti yake sumu. Sipro, akasema, mjamzito hapewi hivi hivi. Tetrasaiklini na doksisaiklini ndiyo kabisa, huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto. Septrini nayo ni ukoo mmoja na zile SP za kuzuia malaria mnazomezeshwa kliniki, hazichanganywi. Halafu akaniuliza: mama, hivyo vinane vilibaki kwa nini?

Hapo akanishika. Vilibaki kwa sababu siku ya tatu nilijiona mzima. Ugonjwa uliporudi nikanunua vilevile dukani, bila cheti, wala havikufanya kitu. Unakumbuka nilivyotetemeka chini ya mablanketi matatu, ubavu wa kulia ukinichoma hadi mgongoni? Wewe ndiye uliyenifikisha hospitali. Lakini ile karatasi ya maabara hukuiona. Waliotesha mkojo wangu, yaani waliwakuza wadudu waliomo ili wawajaribu kwa dawa, wakaziorodhesha dawa, na mbele ya kila moja wakaweka S au R. S, mdudu bado anaisikia dawa. R, ameshakuwa sugu. Amoksilini R, septrini R, na sipro, hiyohiyo niliyokufichia chini ya ndizi, R. Nilipona kwa sindano. Kwa nusu dozi yangu niliwaua wadudu dhaifu, nikawaachia wagumu nafasi ya kuzaana.

Kwako ni kubwa kuliko kwangu. Mdudu huyu mara nyingi ni Escherichia coli, ambaye tumboni tunaishi naye bila ugomvi. Akipanda kwenye kibofu ndiyo balaa. Mimba inalegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na tumbo likikua linaikandamiza, basi mkojo unatuama kama maji ya mfereji ulioziba majani. Wengine hata hawaungui. Katika wajawazito 100, kati ya 2 na 10 wana wadudu kwenye mkojo bila dalili yoyote, na wasipotibiwa, hadi 3 katika kila 10 kati yao hufikwa na maambukizi ya figo kama yale yangu. Hapo ndipo uchungu unapoweza kuja kabla ya siku zake, na wewe una miezi saba tu. Na mdudu sugu mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua.

Ila neno UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nalo usilipokee kirahisi. Siku hizi ukiingia kwenye kijumba cha maabara na homa yoyote, unatoka na UTI na taifodi. Kile kijiti wanachochovya kwenye mkojo kinadokeza tu. Waombe waoteshe mkojo, na kama hapo hawaoteshi, wakuandikie rufaa. Jawabu huchukua siku mbili tatu. Wanaweza kukuanzishia dawa inayomfaa mjamzito na kuibadilisha karatasi ikirudi. Jisafishe kwa maji kwanza, mkojo wa mwanzo uuache uende, kinga wa katikati, na uufikishe ukingali wa moto moto. Wakisema siku 7, ni 7. Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje kukuche.

Sasa lile ulilolisema kwa kuzungukazunguka. Najua usiku unabana mkojo kwa sababu choo kiko ng'ambo ya ua na unaogopa kukutana na baba mkwe wako gizani. Mila zetu nazijua, na mimi nilizitii. Najua pia kwamba hata maji umeacha kunywa, ukisingizia baridi ya Uyole. Kibofu hakina mkwe, mwanangu. Nimeongea na mama mkwe wako, mwanamke kwa mwanamke, wala hakushangaa. Alisema hata yeye enzi zake alibana hivyohivyo. Atakuwekea ndoo yenye mfuniko chumbani.

Vidonge mkabidhi nesi, usivitupe chooni wala usimpe jirani. Kikapu nirudishie kwa dereva yuleyule, Jumamosi nina ndizi nyingine za kukutumia.

Mama yako,
Tukuyu