Risala ya wastaafu wa huduma za ndege ardhini kwa mgeni rasmi, Kipawa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wetu wa dini, walimu, wanafunzi na majirani,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukafika saa tano, ingawa kadi ilisema saa tatu. Hatulalamiki. Wapo waliotangulia kukikalia kiti hicho tuliowasubiri mpaka pilau likapoa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina wanachama 23. Wote tulifanya kazi za ndege ikiwa chini: kuivuta, kuisogezea ngazi, kuiunga umeme, kuipakia mizigo. Wakongwe wetu walianzia East African Airways, shirika lililoanza kuruka mwaka 1946 na kusambaratika mapema 1977. Wengine tuliingilia Air Tanzania, iliyozaliwa Machi mwaka huohuo. Historia iliyobaki ni ndefu na jua ni kali, kwa hiyo tunaiacha.

Mafanikio ni makubwa. Kwa michango yetu wenyewe tulinunua kwenye mnada trekta moja la kuvuta ndege, gari moja la ngazi, jenereta la ndege na toroli nne za mizigo, vyote vikiwa njiani kwenda kuyeyushwa. Jenereta tumeliwasha likanguruma kwa dakika nne kamili, na moshi wake ulishuhudiwa na mtaa mzima. Shule mbili zimeshatutembelea. Wanafunzi hupenda zaidi kuoneshwa pini ya taubaa, taubaa ikiwa ule mhimili wa chuma unaounga trekta na mguu wa mbele wa ndege. Pini ile ni nyembamba kwa makusudi: dereva akikata kona kupita kiasi, inakatika yenyewe ili mguu wa ndege usivunjike. Mtoto mmoja aliuliza kama walimu nao wanayo. Jibu bado linatafutwa.

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, tufike kwenye neno lililotukutanisha hapa. Vifaa vyetu havina paa.

Ukigeuka kidogo kushoto utaliona trekta. Lisikutishe kwa uzito wake. Trekta la kuvuta ndege hutengenezwa zito makusudi, kwa sababu likiwa jepesi magurudumu yatateleza palepale na ndege haitasogea. Uzito huohuo leo ndio adui yake. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita hapa kila wiki na mizani yao, wanaligonga kwa kidole, wanatabasamu. Kwao hizo ni kilo. Sisi tunakumbuka ndege za Fokker Friendship, ambazo injini zake za Dart ziliwashwa kwa umeme, jenereta kama hili likisimama ubavuni kuiokoa betri ya ndege. Rubani alipigwa picha. Jenereta halikupigwa.

Gari la ngazi ndilo linalotuumiza zaidi. Mwezi uliopita mwenzetu alikwangua rangi kidogo kwenye mlango wa dereva, tabaka baada ya tabaka, zikatokea herufi tatu zilizofifia: E.A.A. Tulisimama pale kama watu waliooneshwa kaburi la babu. Lakini ngazi ya tatu kutoka chini imeshatoboka, unaona nyasi. Chumvi ya bahari haihitaji mwaliko, na masika yakija maji yanalala kwenye vikanyagio. Matairi nayo yanapasuka kwa jua. Tungeweza kuyainua kwa jeki na kutoa mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye matangi, kazi hizo tunazijua. Kupiga grisi kitu kinachonyeshewa usiku uleule ni kujichosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mabati hapahapa, akashangiliwa kwa vigelegele. Mabati hatujayaona, ila picha yake akiyaahidi tunayo, na hiyo tumeiweka ndani isilowe. Aliyefuata alitutumia turubai. Tunamshukuru kwa dhati. Lilikuwa turubai la harusi, lenye mapambo pembeni, na upepo wa kaskazi ulilichukua usiku wa tatu ukalipeleka kwa jirani, ambaye naye aliahidi kulirudisha. Daftari la wageni lina sahihi tisa za waliokutangulia, zenye maneno "Nimeguswa sana." Tunaomba, kwa heshima zote, safari hii uguswe kidogo tu lakini ulete bati.

Wenzetu wa nje wanajua thamani ya vitu hivi. East African Airways ilikuwa na ndege tano kubwa za jeti aina ya Super VC10. Moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972, na nne zilizobaki zikaishia kwa jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kubeba mafuta ya kujazia ndege nyingine angani. Mojawapo, iliyosajiliwa kwetu kwa herufi 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa. Iliruka mara ya mwisho Septemba 2013, ikatua Dunsfold, Uingereza, na makumbusho ya Brooklands yakaichukua kuitunza. Makumbusho hayohayo yalipewa VC10 ya Sultani wa Omani mwaka 1987. Sultani aliahidi, na ndege ikafika. Kwa hiyo ndege ya namba ya Tanzania ina mtu wa kuifuta vumbi Uingereza, na ngazi iliyobaki nyumbani inaota nyasi. Hata hapa Dar, Makumbusho ya Taifa yanalo gari la Rolls-Royce la wakubwa, limekaa kivulini. Hatuna ugomvi nalo. Lakini mkubwa aliyeshuka kwenye ndege akapanda Rolls-Royce, katikati alikanyaga ngazi.

Tunachoomba ni banda la mita 15 kwa 10, lenye kimo cha mita 5 ili gari la ngazi liingie bila kukatwa. Ni mabati 90 ya geji 28, mabomba ya chuma ya nguzo, saruji na kokoto. Ufundi ni wetu, hatuombi fundi wala posho. Kuta hatuzitaki kwa sasa. Yadi hii tumeazimwa na mwenzetu, na ameandika barua ya kuturuhusu kujenga. Tungependa kazi ianze kabla ya Machi.

Vipimo, michoro na namba ya simu ya katibu vimo kwenye bahasha ya kaki utakayokabidhiwa pamoja na zawadi ya kikoi. Tunaomba bahasha uibebe mwenyewe, asipewe msaidizi. Ya mwaka juzi tuliikuta chini ya kiti wakati wa kukunja maturubai. Kikoi kilikuwa kimeondoka.

Tunaomba kuwasilisha.