Mkimhamisha mfungwa tuambieni na sisi ndugu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, ila jina langu usilitoe, mtaani kwetu wanajua mdogo wangu yuko safari na watoto wake wanasoma shule ya hapahapa.

Mwaka jana Jumapili moja niliamka saa kumi alfajiri, nikakanda unga wa chapati za wateja nikamwachia binti achome, nikabeba mfuko wangu wa sabuni, dawa ya meno na ndala nikapanda daladala mbili mpaka gerezani, hapahapa Dar. Wanaoendaga wanajua utaratibu, simu unaiacha dukani nje kwa mia tano, unaandikisha jina lako na la mtu wako, unakaa benchi unasubiri kuitwa. Nimekaa mpaka saa saba mchana, watu waliokuja nyuma yangu wanaingia wanatoka. Nikamfuata afande pale mezani, samahani afande mbona mimi siitwi, akafungua daftari akashusha kidole chini, akasema mama huyu hayupo, kahamishwa. Kahamishwa wapi? Hiyo hapa hatuna. Lini? Wiki iliyopita. Basi, akaita jina linalofuata.

Sabuni nikarudi nazo nyumbani.

Kabla watu hawajaanza kunisema, mimi sisemi mdogo wangu kaonewa. Alivunja duka la mtu usiku akaiba, mwenye duka naye ana watoto, mahakama ikampa miaka 7. Akitulia anapunguziwa theluthi moja kwa sheria ya magereza, kwa iyo ni kama miaka minne na miezi nane, na sisi tunahesabu. Wala sipingi kuhamishwa, magereza ya Dar yamejaa na huko mikoani kuna mashamba yanataka watu, naelewa. Ninachopinga ni mtu kuhamishwa kimya kimya kama gunia la mkaa la usiku.

Ilituchukua wiki tano kujua alipo. Nilirudi palepale mara mbili, nikaenda ofisi nyingine mjini nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa nisubiri, bado nasubiri mpaka leo. Mama yetu presha ikawa inapanda kila simu ikiita.

Alafu wiki ya tatu ikaingia simu ya namba ngeni. Sauti nzito, anajiita afande, anataja jina la mdogo wangu mpaka la marehemu baba, anasema kijana kaangukiwa na gogo huko shambani yuko hoi na dawa inatakiwa haraka, laki moja na themanini, tuma kwa namba hii usichelewe. Mhariri nilituma. Nilikopa kwenye kikoba nikatuma, nilivyopiga kuuliza hali ya mgonjwa namba haipatikani, mpaka leo haipatikani. Kila niliyemsimulia anasema ulikua mjinga. Sawa, lakini huyo mwerevu angempigia nani kuuliza kama ni kweli? Hakuna namba. Matapeli wanajua kabisa kwamba hatujui ndugu zetu walipo, ndo biashara yao hiyo.

Aliyekuja kunitoa gizani ni mfungwa mwenzie. Kijana kamaliza kifungo chake anarudi zake kwao Charambe, mdogo wangu akamkaririsha namba yangu, sio kumwandikia, kumkaririsha, tarakimu kumi, na yule kijana akazibeba kichwani njia nzima ya basi mpaka Dar. Akakosea moja tu. Akawa anampigia mama mmoja wa Kigamboni kila siku anamwambia mdogo wako anakusalimia yuko gerezani, yule mama anamtukana anakata, mpaka alipojaribu 6 pale alipokua anaweka 9 nikapokea mimi. Nilimpikia pilau yule kijana.

Kumbe yuko Nyanda za Juu Kusini. Ni zaidi ya kilomita 800, basi linatoka stendi ya Magufuli Mbezi alfajiri unafika Mbeya usiku, unalala gesti, asubuhi unapanda lingine alafu bodaboda. Nilifika na vumbi mpaka kwenye kope. Wakamtoa, kakonda, kanyolewa, tunaongea kwa kupaza sauti maana pembeni yetu kuna watu wengine nao wanaongea na wa kwao, na kitu cha kwanza alichoniambia hata salamu bado, "Dada, kwani mlinisusa?"

Wiki zote zile sisi tunahangaika yeye anajua tumemtupa. Alikua anahesabu Jumapili. Nilishindwa kujibu, nikabaki namwonyesha zile ndala. Afande wa kule, Mungu ambariki, aliona tiketi yangu ya Dar akatuacha tukazidisha muda, kwa iyo nikapata kama dakika ishirini na tano kwa siku mbili za njiani, na siku mbili nyingine za kurudi, na nauli ambayo ni mtaji wangu wa unga.

Sasa hivi tunaandikiana barua. Hatuna sanduku la posta, tunatumia la kanisani. Barua inasomwa na askari kabla haijatoka kwa iyo hakuna cha maana mtu anaweza kuandika, imejaa mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Zile salamu tulizokua tunazicheka tukiwa shule! Leo mama hajui kusoma, anasomewa na mjukuu wa darasa la tano, akifika mwisho anamwambia hebu rudia pale penye mzima wa afya.

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria ndo alinifungua macho. Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa zilipitishwa Desemba 2015, zinaitwa kanuni za Mandela, na ya 68 inasema mfungwa awezeshwe kuijulisha familia yake mara moja akifungwa, akihamishiwa gereza lingine, au akiumwa sana. Mara moja, wamesema, sio akitoka mtu wa Charambe. Ya 58 inaongelea barua, simu na kutembelewa, ya 59 inasema kadiri inavyowezekana mtu afungwe karibu na kwao. Na hawakulitoa jina hilo hewani, Mandela alikaa ndani miaka 27 na kule Robben Island mwanzoni alikua anaruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kwa miezi sita.

Binamu yangu yuko Marekani, namsimulia anashangaa, anasema kule ugomvi wa ndugu wa wafungwa ulikua bei ya simu, kampuni zilikua zinawakamua kweli kweli, mpaka jimbo la Connecticut likafanya simu za gerezani bure 2022 na California 2023. Mimi bure sidai. Niwekeeni simu moja pale, askari akae pembeni asikilize neno kwa neno, vocha naweka mwenyewe, dakika tano kwa mwezi.

Na kama simu ni ngumu, basi meseji. Siku anapokelewa gerezani aliulizwa ndugu wa karibu ni nani, akataja jina langu na namba yangu, iko kwenye faili. Hiyo namba imeandikwa ya nini? Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hata sisi wapangaji hatujawahi kusahaulika mwezi mmoja. Sasa kumtumia mtu maneno matano, ndugu yako kahamishiwa gereza fulani, hapo ndo mtandao unakua mgumu? Kama ni usalama wa njiani, sawa, tumeni akishafika.

Nimeshakata tiketi ya Ijumaa hii, mama naye kang'ang'ania tutaenda wote na goti lake hilohilo. Kesho nampigia yule kijana wa Charambe, ana mwenzie katoka huko juzi juzi, aniulizie kama mdogo wangu bado yupo.

Dada wa mfungwa,
Mbagala, Dar es Salaam