Somo yangu, mboga kwanza, ugali baadaye

Tanga, Jumapili

Somo yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi hatujambo, watoto wamerudi shule, na mama anakusalimu sana. Habari za Dodoma na upepo wake?

Ujumbe wako wa juzi nimeurudia kuusoma. Unasema ukishakula mchana tumbo linavimba mpaka unalegeza sketi ukiwa ofisini, usiku kiungulia hakikupi usingizi, na choo leo kinafunga, kesho mbio. Vipimo umefanya, vidonda hakuna, wale bakteria wa vidonda hawakuonekana, na daktari amekwambia utumbo wako ni mzima, ila ni mwepesi kusumbuka. Kisha ukaandika kwamba umechoka, basi utaishi nalo hivyo hivyo. Hapo umeniumiza, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Tumbo hilo lina pa kuanzia, na pa kuanzia ni sahani yako.

Nimeuangalia mlo wako ulionieleza. Asubuhi chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari. Mchana wali maharage. Saa kumi soda. Usiku ugali na mboga kidogo ya kusukumia. Somo, huo ni wanga juu ya wanga kutwa nzima. Katika kila gramu 100 za unga wa mahindi, zaidi ya 70 ni wanga. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Yai zima halifikishi hata gramu moja ya wanga, samaki hana kabisa, na fungu la mchicha lina gramu chache tu, nyingi zikiwa nyuzinyuzi.

Tatizo la tumbo lako si kwamba wanga ni sumu. Kuna sukari na wanga ambao utumbo mdogo haumalizi kuumeng'enya. Unateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanauchachua. Uchachu huo ndio unaotoa gesi, na sukari hizo zenyewe zinavuta maji utumboni, ndiyo maana mara unajaa, mara unaharisha. Kwa mtu mwingine gesi hiyo inapita bila hata yeye kuhisi. Kwa utumbo mwepesi kama wako kila kidogo kinauma. Vinavyochacha zaidi ni ngano, kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, na maziwa freshi kwa sisi ambao tumbo la ukubwani haliyawezi tena. Sasa tazama: chapati, maharage yaliyoungwa kwa vitunguu, chai ya maziwa. Vyote viko kwenye siku yako moja.

Mwanangu anayesomea uuguzi alinisomea utafiti wa hospitali ya Sahlgrenska, Gothenburg, kule Uswidi, uliotoka mwaka 2024. Walichukua watu wazima 294 wenye tumbo la namna yako, wakawagawa makundi matatu kwa wiki nne. Kundi la kwanza liliondolewa vile vyakula vinavyochacha. La pili lilikula wanga kidogo, protini na mafuta zaidi. La tatu lilipewa dawa kulingana na dalili. Waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa 76 katika kila 100 kwenye kundi la kwanza, 71 kwenye la wanga kidogo, na 58 kwenye la dawa. Hizo namba ndizo zilizonifanya nikuandikie kwa uhakika. Kwa kiungulia pia kuna watafiti wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 2006, waliowapa wagonjwa wanene chini ya gramu 20 za wanga kwa siku, na asidi iliyokuwa ikiwapanda ikapungua ndani ya siku chache. Wale walikuwa wanane tu, sitaki uapie. Ila inaendana na niliyoyaona mimi mwenyewe nilipoacha ugali wa usiku.

Sasa jikoni. Nakuomba jambo moja: geuza sahani. Mboga na kitoweo vijae, ugali au wali ubaki tonge nne tano pembeni, na usiku usiwepo kabisa. Hutanunua kitu kigeni. Mboga zetu za majani zina wanga kidogo tangu zamani, tatizo ni kwamba tumezifanya za kusindikizia.

Asubuhi ndiyo rahisi. Mayai mawili ya kukaanga na mchicha na nyanya, robo ya parachichi pembeni. Usianze na parachichi zima, baadhi ya matumbo hayapendi likizidi. Au supu ya kuku wa kienyeji, kwa ndimu na pilipili manga, bila chapati. Supu ya samaki pia, au makongoro kama umeyapata. Najua hapo kwenye supu mkono utaitafuta chapati. Vumilia wiki ya kwanza, ongeza kipande cha nyama. Chai iwe ya tangawizi au mchaichai, sukari ipunguze kijiko kwa kijiko mpaka iishe. Ukitaka maziwa, kunywa mtindi usiotiwa sukari. Bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya ile sukari inayokusumbua. Na kiporo cha wali asubuhi kiache. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inakwenda kuchacha huko chini. Ukila wali, kula kidogo na wa moto. Katika jamii ya wanga mchele ndio mpole zaidi kwa gesi, unaishinda ngano kwa mbali.

Mchana uko kwa mama ntilie, na hapo watu wengi wanashindwa kwa sababu ya haya. Mwambie tu: "Mama, wali nipunguzie, niongezee mchicha na samaki." Atakuongezea, anakujua. Siku ya haraka, kuku wa kuchoma au mishikaki na tango na nyanya, bila chipsi. Wenzako wakiagiza chipsi mayai, wewe agiza mayai matupu. Maharage yapumzishe kwa sasa. Ukiyarudia baadaye, yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya, na ule kikombe kidogo. Karanga konzi moja ni sawa kwa njaa ya saa kumi. Korosho ziache kwanza, zina zile sukari za kuchacha.

Usiku ndipo nataka nikae na wewe kidogo, maana ndiyo mlo ulionisaidia zaidi. Pika dagaa wa nazi na mchicha. Dagaa watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga uishe, wakamue. Bandika mafuta kijiko kimoja, tia kitunguu maji ulichokikata vipande viwili vikubwa tu, kiache kinukie na kuanza kubadilika rangi, kisha kitoe ukitupe. Ladha inabaki kwenye mafuta, lakini ile sukari ya kitunguu inayochacha haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo inatoka pamoja na vipande. Tia dagaa, wageuze mpaka wasikike wakikauka, halafu tangawizi iliyopondwa, nyanya moja, bizari kidogo, na majani mabichi ya kitunguu, yale ya kijani, hayo hayana shida. Nyanya ikishalainika, mimina tui jepesi, funika kidogo, kisha tia mchicha uliokatwakatwa. Mwisho tui zito, ukikoroga bila kuacha lisikatike, na uteremshe likianza tu kutokota. Ndimu juu. Kula bakuli zima kwa kijiko. Utashiba, na hutahisi mzigo ule wa ugali wa saa tatu usiku.

Ukichoka dagaa, mbadala uko. Bamia na bilinganya za kuunga pamoja na nyama ya kusaga. Matembele na yai. Kisamvu pia, kilichotwangwa na kuchemshwa sana, maana kibichi kina sumu. Na wewe uko kwenyewe kwa mlenda! Wagogo wanaujua kuliko sisi watu wa pwani. Ule utelezi wake unalainisha choo, na ukiutia karanga zilizosagwa unakuwa chakula kamili. Jirani yako mzee akufundishe kuupika na magadi kidogo kama wanavyopika wao. Wewe usiuzamishe kwenye ugali, ule kwa samaki wa kukaushwa.

Siku za mwanzo unaweza kuhisi kichwa kizito na uchovu. Mwili ukipata wanga kidogo unatoa maji na chumvi kwa wingi, kwa hiyo kunywa supu yenye chumvi, na maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari ameshakukataza chumvi kwa sababu ya presha. Choo kikifunga, ujue umeondoa ugali lakini hukujaza mboga mahali pake. Hili naliona kwa wengi: wanakula nyama na mayai matupu, wanasema lishe hii imewafunga. Mboga iwe nyingi kuliko nyama, kila mlo. Mafuta nayo usiyamimine ukidhani ni ruhusa. Vitu vya kukaangwa vizito vinakaa tumboni muda mrefu na kiungulia kinarudi. Kula saa moja jioni ikiwezekana, ukae muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala, na uinue kitanda upande wa kichwa.

Matunda, kipande kimoja kwa siku. Papai lina huruma kuliko embe na tikiti maji. Zabibu za Dodoma najua zinakuita kila kona, onja chache, usinunue kilo.

Umeniuliza kuhusu gharama. Ni kweli, kitoweo ni ghali kuliko unga, na sitakudanganya kwamba hutaona tofauti. Lakini dagaa, mayai na utumbo bado vinanunulika, na fedha ya soda na chapati za kila siku unaibakisha. Kwa familia usipike sufuria mbili. Mboga pika nyingi kwa wote, ugali pika wa watoto na baba yao, wewe jipakulie kwa namna yako. Shemeji akiuliza, mwambie tumbo, halina aibu. Kwenye shughuli ya harusi kula nyama na kachumbari isiyo na vitunguu vingi, pilau onja. Siku moja haiharibu kitu.

Sasa mawili ninayokuomba usiyapuuze. La kwanza, ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, au unapungua mwili bila sababu, au chakula kinakwama kooni, acha hizi habari za mlo na urudi hospitali siku hiyo hiyo. Hayo si ya mboga. La pili, mama yako. Umesema anataka kuufuata mlo huu pamoja nawe, na yeye anachoma insulini. Asianze hivi hivi. Akipunguza wanga huku dozi ikiwa ile ile, sukari itashuka ghafla, atoke jasho, atetemeke, hata azimie. Mpeleke kliniki yake kwanza, waeleze anataka kula nini, wao ndio watapanga dozi. Na wewe kama kuna dawa yoyote unayoitumia ambayo hukunitajia, uliza pia.

Fanya hivi kwa wiki nne, kama wale wa Gothenburg, kisha anza kurudisha kimoja kimoja. Wiki moja maharage kidogo, nyingine chapati moja, nyingine maziwa. Sidhani kama unapaswa kuviacha vyote maisha yako yote. Huenda ukakuta ngano ndiyo adui na wali hauna neno, na hapo utajua cha kuacha na cha kubaki nacho. Andika kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa, hata kwa maneno mawili. Hiyo daftari ndiyo utakayompa daktari ukirudi, atakuelewa haraka kuliko ukimsimulia.

Nimekufungia dagaa uono waliokauka vizuri, nazi kavu, na tangawizi kutoka shambani. Kifurushi kinapanda basi la kesho asubuhi, nitakutumia namba ya kondakta likishaondoka. Tui la kopo usitumie wiki hizi kama nazi ipo, makopo mengi yana vya kuongezea na hujui tumbo lako linasemaje navyo. Ukishapika mara ya kwanza, niambie dagaa walikuwa na chumvi kiasi gani, maana hawa nimewanunua kwa muuzaji mpya.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi somo yako